Nyama ya Watu Wawili

Waliosoma kwa Mwalimu Asukile pale Mbeya wanakumbuka kwamba hakuna hadithi aliyoipenda kama ile ya namna alivyofukuzwa nyumba Ulaya. Walimu wengine waliobahatika kwenda huko walirudi na makoti mazito na picha walizopiga wameegemea magari ya watu. Yeye alirudi na cheti, kikohozi, na hadithi isiyokuwa na hata mahali pamoja pa kujisifu. "Mnaniona nimevaa tai kama mtu mwenye akili," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Haya, sikilizeni."

Mwaka ulikuwa 1957. Asukile alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya misheni huko mlimani, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Alikuwa hajaoa, na alijiona. Tusimpake mafuta: alijiona sana. Alikuwa na baiskeli, na akipita sokoni alipiga kengele hata kama njia ilikuwa tupu. Kwa hiyo kanisa lao lilipokubaliana na kanisa moja la Edinburgh, huko Skotilandi, kubadilishana walimu vijana kwa mwaka mmoja, yeye hakushangaa kuchaguliwa. Alishangaa wamechelewa.

Mapatano yalikuwa mepesi. Kijana wa Kiskoti aitwaye Duncan Rankin angekuja Mbeya, afundishe darasa la Asukile na alale katika nyumba ya Asukile, ile yenye bati iliyokuwa uani kwa mama yake, Marta. Wazungu wa bomani walinuna waliposikia kwamba mwenzao atalala kwa Mwafrika, lakini kanisa lilishasema. Asukile naye angekwenda Edinburgh, asome chuo cha ualimu na alale katika chumba cha Duncan, kwa mama yake Duncan, Bibi Rankin, ambaye alikuwa mjane. Kulikuwa na kifungu kimoja tu cha kuangalia: kijana mmoja akikosa nyumba, mapatano yamekwisha na wote wawili watarudi makwao. Asukile alikipitia kifungu hicho haraka haraka. Mtu kama yeye angekosaje nyumba?

Akapanda basi la relwe, yaani la shirika la reli, hadi Iringa, kutoka Iringa hadi Dodoma, kisha treni, kisha meli. Alitapika kutoka Dar es Salaam mpaka Suez, akapumzika siku mbili, akaendelea kutapika mpaka London. Barua yake ya kwanza nyumbani ilisema kwamba bahari imempenda.

Na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia, kwenye barua. Alijua fika kwamba barua zake zitasomwa na mchungaji Eliezeri nje ya kanisa baada ya ibada, watu wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Mtu anayejua kwamba kijiji kizima kinamsikiliza hawezi kuandika kwamba anaumwa tumbo. Aliandika kwamba anaishi ghorofa ya nne. Hiyo ilikuwa kweli kabisa: chumba kimoja, juu ya ngazi za mawe zisizoisha, dirisha likitazama mabomba ya moshi. Nyumbani wakaelewa kwamba ana ghorofa nne. Lea, dada yake, alipomwandikia kuuliza anazifanyia nini zote, Asukile alijibu kwamba za juu ndizo zenye upepo mzuri. Akaandika pia kwamba kuna watumishi, na kwamba mama wa Kizungu humpigia magoti akimpa chakula.

Ukweli ni kwamba aliyekuwa anapiga magoti ni yeye. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya jiko la makaa ya mawe, akipuliza moto uliokuwa haumtaki, masizi puani, huku Bibi Rankin amesimama nyuma yake akisema, "Si hivyo. Si hivyo." Mtoto wa watu aliyekulia kwenye kuni akashindwa na moto! Watumishi hawakuwako. Ngazi za jengo zilioshwa na wapangaji kwa zamu kila Jumamosi, na wiki ya pili tu Asukile alikabidhiwa ndoo. Siku aliyosikia kwa mara ya kwanza mzinga wa ngomeni, ule unaopigwa saa saba mchana ili watu warekebishe saa zao, alijirusha chini ya meza ya maktaba. Alipotoka, msichana mmoja alimpa kalamu yake iliyoanguka na kumwambia kwa upole kwamba mzinga huo utapigwa tena kesho.

Bibi Rankin alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Chakula chake kilikuwa mezani saa kumi na mbili kamili jioni, si dakika moja kabla wala baada. Vipande viwili vya nyama, kimoja chake na kimoja cha Asukile. Viazi vinne, viwili kwa viwili. Walikula kimya, saa ya ukutani ikihesabu kila walichotafuna. Asukile alikuwa amekaa naye miezi miwili na alikuwa hajasikia hodi moja mlangoni.

Sasa, ili mjue kosa lake lilitoka wapi, lazima mjue alivyolelewa. Kwao Unyakyusa kijana hali peke yake. Vijana wa rika moja huzunguka pamoja: leo wanakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mvulana anayenyemelea jikoni kwa mama yake bila wenzake huchekwa mpaka akose pa kuuficha uso, na mama mwenyewe atamuuliza, "Wenzako wako wapi, au umegombana nao?" Mama anayelisha vijana watano ana heshima kuliko anayelisha mmoja. Na mtu mzima anayejifungia ndani na chakula, huyo hachekwi tena. Huyo anaogopwa, maana wachawi ndio hula hivyo.

Pale Edinburgh Asukile alijipatia rika. Wa kwanza alikuwa Suresh, mwana wa Harilal mwenye duka la vitambaa Mbeya mjini, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Nyumbani walikuwa wameonana miaka kumi, mmoja ndani ya kaunta na mwingine nje, bila kupeana zaidi ya salamu. Ugenini walikumbatiana barabarani kama mapacha waliopotezana. Wa pili alikuwa Kalinga, Mhehe wa Iringa, aliyekuja kujifunza mambo ya mifugo. Wa tatu alikuwa Mskoti wa darasani kwao, Fergus, kijana mrefu aliyekuwa na njaa saa zote. Kwa Suresh, Asukile alikula chapati mara tatu. Kalinga alimsongea ugali wa unga wa ajabu ajabu, ukakataa kushikana, wakaunywa. Fergus alimnunulia viazi vya kukaanga kwenye karatasi ya gazeti.

Asukile akahesabu, akaona haya. Amekula kwa wote, na hakuna aliyekula kwake. Zamu ilikuwa ya mama yake, na mama aliyekuwa naye mji ule alikuwa mmoja.

Jumatatu moja ya Novemba, saa kumi na mbili kasoro dakika moja, Bibi Rankin alifungua mlango na kuwakuta vijana wanne wamejipanga kwenye ngazi, wanatabasamu, viatu vimepigwa rangi.

"Mama," Asukile alisema kwa fahari, "nimewaleta."

Bibi Rankin hakuuliza wameletwa kufanya nini. Aliwatazama mmoja mmoja, akasogea pembeni wakapita. Alitoa sahani ambazo Asukile hakuwahi kuziona, akazifuta vumbi. Kisha akachukua kisu, na vile vipande viwili vya nyama akavigawa sehemu nne, polepole, kama mtu anayefanya operesheni. Viazi ikawa kimoja kimoja. Yeye mwenyewe alikaa na sahani tupu mbele yake akasema hana njaa. Suresh, ambaye kwao hawali nyama, aliisogeza yake kwa Kalinga. Kalinga kwa adabu akaisogeza kwa Asukile, Asukile kwa ukarimu akaisogeza kwa Fergus, na Fergus akaila kabla haijafika mwisho wa safari.

Asukile alifurahi mno. Kizuri kula na nduguyo! Alicheka, alisimulia mambo ya nyumbani, alimsifu mama wa nyumba mbele ya wenzake kama inavyopasa. Walipoondoka alilala usingizi wa mtu aliyelipa deni la heshima.

Asubuhi, karibu na bakuli lake la uji wa chumvi, alikuta karatasi. Watu wawili wako ndani ya nyumba moja, na mmoja kamwandikia mwenziwe barua! Alikuwa hajaona jambo kama hilo. Barua ilisema: Bwana Asukile, tafadhali tafuta nyumba nyingine kufikia Jumamosi.

Aliisoma mara tano. Kisha kile kifungu alichokipitia haraka haraka kikarudi chenyewe. Akikosa nyumba, mapatano yamekwisha. Atarudi Mbeya baada ya miezi miwili, bila cheti. Atashuka kwenye basi na sanduku lake mbele ya watu waliosikia habari za ghorofa nne na watumishi. Watamuuliza kulikoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakutegemea yake ingeishia stendi ya mabasi.

Akamkimbilia Suresh. Suresh alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Asukile, wewe ni mwalimu kweli au walikuokota? Yule mama alikuwa na nyama ya watu wawili. Umemletea watu watatu zaidi. Umemvua nguo mbele ya wageni."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini? Alilala na njaa!"

"Mbona wewe hukuniambia?"

"Ulisema tumealikwa na mama! Nikadhani amekuambia walete."

Kalinga naye akatoa ushauri. Kwao Uhehe, alisema, ukimkosea mtu mzima huendi mikono mitupu. Humpelekei maneno, unapeleka kuku. Ushauri ulikuwa mzuri. Ulikosea nchi tu. Asukile alizunguka mji mzima akitafuta kuku anayelia, hakumpata. Mwishowe alinunua aliyekuwako, mweupe, baridi, hana kichwa wala miguu, akamshika mikono miwili, akapiga goti moja mlangoni mwa jikoni na kumnyanyua juu.

Bibi Rankin alimtazama yule kuku. Uso ukamwiva kuanzia shingoni.

"Asante," alisema. "Nyumba hii haijaishiwa chakula."

Akafunga mlango wa jikoni. Asukile akabaki kwenye ukumbi na kuku wake, akielewa polepole kwamba amemwambia mjane wa watu, kwa lugha ya kuku, kwamba jana aliwashindisha wageni njaa. Kuku akaliwa kwa Kalinga. Asukile mwenyewe hakuweza kumeza.

Jumatano alitembea kutafuta chumba. Kulikuwa na vibao vya vyumba vya kupanga madirishani, na kila alipobisha, chumba kilikuwa kimechukuliwa dakika ile ile. Nyumba ya kwanza alisikitika kwamba amechelewa. Nyumba ya saba alielewa kwamba hakuchelewa. Usiku wa Jumatano alifungua sanduku akaanza kukunja mashati, na machozi yakamtoka, yeye aliyependwa na bahari.

Alhamisi, aliporudi kutoka chuoni, nje kukiwa giza ingawa saa kumi na moja haijafika, alimkuta Bibi Rankin amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na barua ya ndege, ya bluu, yenye stempu ya Tanganyika.

"Imeandikwa kwangu," alisema, "lakini siwezi kuisoma. Mchungaji wetu hawezi. Nadhani ni lugha yenu. Nisomee."

Asukile aliutambua mwandiko kabla hajakaa: herufi za Lea, zimelala upande kama migomba baada ya upepo. Ilikuwa kwa Kinyakyusa. Mama yake alikuwa ametuma maneno, Lea akayaandika. Akayapitia haraka haraka mpaka chini, na alipofika chini akatamani angekuwa hajui kusoma.

Maana ilikuwa barua mbaya. Ilikuwa mbaya pande zote mbili. Upande mmoja ilimvua nguo yeye. Upande wa pili ilisema Duncan hana furaha. Na mama gani, akisikia mwanawe hana furaha ng'ambo, hataki arudi kesho? Asukile aliona hesabu yote: Bibi Rankin akimtoa yeye, kifungu kinamrudisha Duncan. Labda bado moyo wa mama huyu ulikuwa na nafasi ndogo ya huruma. Barua hii ingeiziba. Na katika mji ule wote, hakuna mtu mwingine aliyeweza kuisoma ila yeye.

Akakohoa. Akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya kanisani:

"Mama Duncan, nakusalimu. Mimi ni Marta, mama yake Asukile. Mwanao ni mzima, haumwi. Duncan anafundisha vizuri, watoto wanampenda. Amenenepa. Hali ya hewa ni nzuri. Wasalaam."

Akaikunja barua.

Bibi Rankin alinyoosha mkono, akaikunjua tena, akaiweka kati yao na kuweka kidole juu yake.

"Jina la mwanangu naweza kulisoma," alisema. "Liko hapa. Liko hapa. Na hapa, na hapa, na hapa chini. Ukiacha salamu ya juu, wewe umelitaja mara moja."

Asukile akakitazama kile kidole. Angeweza kusema kwamba Kinyakyusa hupenda kurudia majina. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini kidole cha yule mama hakikuondoka kwenye lile jina, na hapo aibu ikamshika, aibu ya kweli, si ile ya kuogopa kuchekwa stendi. Alikuwa anamwibia mama habari za mwanawe.

"Nisamehe," alisema. "Naanza upya."

Na akasoma yote, neno kwa neno:

"Mama Duncan, nakusalimu. Mimi ni Marta, mama yake Asukile. Anayeandika ni Lea, maana mkono wangu unajua jembe tu. Kwanza nikuombe radhi kwa ajili ya mwanangu. Ametuandikia kwamba una ghorofa nne na watumishi, na kwamba unampigia magoti ukimpa chakula. Watu hapa wamesadiki. Mimi sikusadiki. Nilimzaa mimi. Alipokuwa mdogo aliua panya akaja kusema ameua chui, tukaenda na mikuki. Hana ubaya, ila huongeza. Akikukosea mpige, mimi nimekuruhusu."

Hapa Asukile aliinua macho, masikio yanawaka. Bibi Rankin alikuwa amegeuza uso kutazama dirishani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Asukile hakuthubutu kuuliza kama ni kilio au ni kicheko.

"Endelea," alisema Bibi Rankin.

"Sasa habari ya mwanao. Duncan haumwi. Duncan anafundisha vizuri, watoto wanampenda. Lakini Duncan hali na watu. Nikimpelekea chakula hukipokea mlangoni, husema asante sana, hufunga. Vijana wa rika la Asukile walikuja jioni ya kwanza ili wale naye. Walikaa nje mpaka ndizi zikapoa. Wakaja tena, akawaambia ameshiba. Hapa kwetu mtu anayejifungia na chakula husemwa, na wameanza kumsema Duncan. Wanasema ana jambo. Mimi nasema ni huzuni, maana nikisimama pale nje simsikii akila. Namsikia amekaa tu. Basi kila jioni nagonga. Nasema hodi, nasema chakula kiko nje na watu wako nje. Hafungui. Jirani wananiambia niache, namsumbua mtoto wa Kizungu, labda kwao ndiyo adabu. Lea anasema labda kwenu mtu hugonga akitaka kuingia tu, si akitaka mtu atoke. Mimi sijui ya kwenu. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyemzaa Duncan: niendelee kugonga, au niache?"

Barua ikaishia hapo.

Bibi Rankin aliinuka, akaenda kwenye kabati na kurudi na barua nyingine, sita au saba, zimefungwa kwa utepe. "Za Duncan," alisema. "Zote zinasema anakula na familia yenu kila jioni. Zinasema wanacheka mpaka usiku." Akazitupa mezani. Asukile alizitazama, akafikiri: kumbe si sisi peke yetu tunaoongeza. Akaona vibaya kwamba wazo hilo limempa nafuu.

"Baba yake alizama na meli wakati wa vita," alisema Bibi Rankin. "Duncan alikuwa na miaka kumi. Siku ile simu ya maandishi ilipokuja, alichukua sahani yake hapa mezani, akaingia chumbani, akafunga. Chumba hicho unacholala. Tangu siku ile amekula huko. Miaka kumi na tano. Nilimpeleka kwenu nikidhani nchi nyingine itamfungua."

"Ulikuwa ukigonga?" Asukile aliuliza, na mara akatamani angeng'ata ulimi.

"Mwezi mmoja. Halafu nikaacha. Nilidhani kumwacha ni adabu."

Asukile alijua kwamba safari yake sasa imekwisha, na alitaka angalau aimalize mwenyewe.

"Ukinitoa Jumamosi," alisema, "Duncan atarudi. Iko kwenye mapatano. Mimi nimekwisha kukunja mashati."

"Nayajua mapatano," alijibu. "Unadhani kwa nini niliandika ile karatasi? Kwa ajili ya viazi?" Akafuta macho kwa upande wa aproni, kwa hasira. "Nilikasirika, ndiyo. Meza hii ilikuwa haijakaliwa na watu watano tangu mume wangu aondoke, na siku ilipokaliwa sikuwa na nyama ya kuwapa. Lakini usiku nilifikiri: huyu akienda, wangu anarudi. Basi nikaandika. Nilitaka mwanangu."

"Ni haki yako, mama."

"Arudi afunge mlango huu badala ya ule?"

Mara hii Asukile hakutunga jibu.

"Na Jumamosi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumamosi ni zamu yetu ya kuosha ngazi," alisema Bibi Rankin. "Wewe utaanzia juu." Akasukuma karatasi na kalamu mpaka mbele yake. "Sasa mwandikie mama yako, kwa lugha yake. Mwambie asiache kugonga."

Asukile akaandika. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika katika maisha yake. Haikumaliza hata mistari miwili. Bibi Rankin alikuwa amesimama nyuma yake kama asubuhi za jiko, akifuata kalamu kwa macho, ingawa hakuelewa herufi hata moja.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika: Mama, mama yake Duncan anasema usiache kugonga."

"Hukuongeza lako?"

"Sikuongeza."

Alimtazama kwa muda, huyu aliyefanya panya kuwa chui. Asukile alivumilia kutazamwa.

"Basi ifunge," akasema, "uiwahi posta."

Asukile akashuka ngazi zote, ghorofa nne, akikimbia, bila koti.